Dashibodi inasema kifuniko cha tenki kimelegea, nimekaza mpaka mkono unauma na bado. Shida iko wapi?

Nalongo_Tororo
Habari zenu wakuu. Nina Nissan Pathfinder ya 2014, left-hand, ya petroli. Ilikuwa ya shirika moja la kigeni lililokuwa linafunga ofisi huku mashariki wakauza magari yao kwa mnada, kwa hiyo si zile tulizozoea za kutoka Japan, hii ilitengenezwa kwa soko la Marekani. Gari yenyewe sina malalamiko nayo, inanipeleka Mbale inanipeleka Kampala na watoto nyuma bila tatizo. Sasa tangu nijaze mafuta nikiwa natoka Kampala yametokea maandishi kwenye dashibodi, "LOOSE FUEL CAP", eti kifuniko cha tenki kimelegea. Nikasimama Lugazi nikakikaza, maandishi yakabaki vilevile, nikafika Iganga nikakaza tena kwa nguvu zangu zote, hakuna. Baadaye ikawaka na ile taa ya chek injini ya njano, imewaka tu haipepesi.

Fundi mmoja hapa mjini ameangalia akasema tenki lishushwe lote na pampu ya mafuta ibadilishwe, na bei aliyonitajia banange ni karo ya mtoto muhula mzima. Gari haikohoi, nguvu haijapungua, ila watoto wanasema asubuhi tukianza safari kunanuka petroli huko nyuma, na hiyo ndo inaninyima usingizi. Naomba mnisaidie, naweza kuendelea kuiendesha? Na kama ni kifuniko tu mbona nimekaza na haisikii?

dreva_wa_malaba
Nalongo pole sana. Kwanza usimpe huyo fundi hata shilingi. Nimeendesha gari kama hiyo ya bosi wangu mmoja naijua, ule ujumbe ukishatokea hautoki wenyewe hata ukaze vipi, lazima uuondoe kwa kitufe. Fungua kifuniko kabisa ukitoe, ukirudishe taratibu, uzungushe mpaka usikie ile tik tik, halafu washa gari, ile skrini ndogo iliyo katikati ya saa za mbele ikionyesha maandishi bonyeza kitufe cha enter ushikilie kidogo kama sekunde moja yatatoka. Chek injini ni habari nyingine, hiyo haitoki siku hiyohiyo.

Na kukaza kwa nguvu hakusaidii. Kile kifuniko kikishafika mwisho kinateleza na kutoa ule mlio, hapo hata uite mnyanyua vyuma hakikazi zaidi.

Fundi_Bombo
Dada Nalongo mimi nilianza ufundi kwenye gereji ya jeshi, sasa nina gereji yangu hapa Bombo, na hii shida naona watu wanaliwa nayo pesa sana kwa hiyo acha nieleze kirefu kidogo.

Huo ujumbe hausemi petroli inamwagika. Unasema mvuke wa petroli unatoroka. Petroli haingoji kuchemka ndo itoe mvuke, ikikaa tu ndani ya tenki gari iko parking juani inatoa mvuke muda wote, na Kampala iko juu kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani kwa hiyo mvuke unatoka kirahisi zaidi. Zamani mvuke huo ulikuwa unaachiwa uende zake. California ndo walianza kuuzuia kwa magari ya 1970 na Marekani nzima ikafuata 1971, sababu ule mvuke ukichanganyika na moshi wa ekzosi na jua kali linatokea lile wingu chafu lililokuwa linawaumiza watu vifua kule Los Angeles. Kwa hiyo gari ikawekewa kopo la mkaa maalum, tunaliita kanista, kwa nyingi liko huku nyuma karibu na tenki. Mvuke unaingia humo, mkaa unaushika, halafu injini ikishapata moto kuna valvu inafunguka na injini inaunyonya ule mvuke na kuuchoma. Ni mafuta uliyoyalipia, unayatumia badala ya kuyapoteza.

Sasa magari ya soko la Marekani kuanzia 1996 kompyuta inalazimika kujipima yenyewe kama huo mfumo una tundu. Inaziba njia ya hewa ya kanista, inaacha injini inyonye hewa ya kwenye tenki, halafu inafunga kote na kuangalia kwa sensa ya presha kama ule mvuto unashika au unaachia. Ukiachia haraka basi kuna mahali panapitisha hewa. Toyota zao nyingi za miaka ya karibuni zinafanya hiyo kazi gari ikiwa imezimwa, masaa kama 5 baada ya kuzima kuna kapampu kanawaka kenyewe huko nyuma, nimeshapigiwa simu usiku na mtu ameshtuka gari yake inanguruma peke yake. Na tundu linalotafutwa ni dogo mno, magari ya kuanzia 2000 hivi yanatakiwa kuona tundu la nusu milimita. Nusu milimita Nalongo! Ufa kwenye mpira wa kifuniko unatosha, chembe ya mchanga wa murram iliyokaa kati ya mpira na mdomo wa tenki inatosha.

Ndo maana kabla ya kushusha chochote mtu asome kodi, yaani zile namba za kosa ambazo kompyuta ya gari inaziandika. Ikiwa ni P0457 kompyuta inashuku kifuniko moja kwa moja. P0455 ni tundu kubwa, na kifuniko kilichoachwa wazi au kilichokaa vibaya mara nyingi kinaleta hiyo. P0442 ni tundu dogo, P0456 dogo kabisa, hizo mbili zinaweza kuwa kifuniko zinaweza kuwa paipu ya mpira iliyopasuka au valvu. Pampu ya mafuta kazi yake ni kusukuma petroli kwenda injini, ikifa gari haiwaki au inakosa nguvu, wewe gari yako inavuta vizuri. Kitu pekee cha pampu kinachoweza kuhusika ni ule mpira wa kuzunguka kifuniko cha juu ya pampu pale inapokaa kwenye tenki, huo ukizeeka unapitisha mvuke, lakini ni wa kuangaliwa mwisho kabisa, na hata huo ni mpira, sio pampu.

Swali la kuendesha: taa ikiwaka bila kupepesa endesha, injini haiharibiki kwa sababu hii. Ikianza kupepesa hiyo inaonya injini haichomi mafuta sawasawa, punguza mwendo utafute pa kusimama.

Harufu sasa, hapo nakuunga mkono usilale usingizi. Mvuke wa petroli una benzini ndani yake na benzini inaleta saratani, watoto wasiuvute kila asubuhi. Usilaze gari ndani ya gereji iliyofungwa mpaka hii kitu iishe, fungua milango na vioo dakika chache kabla hamjaingia, na angalia chini ya gari kama kuna unyevu. Ukiona petroli inadondoka kweli kweli, usiiwashe, ita fundi aje pale ilipo.

Leo nenda na tochi. Toa kifuniko, pitisha kidole kwenye ule mpira wa mviringo uzungushe wote, unasikia kama umekauka, umebonyea upande mmoja, una nyufa? Halafu angalia mdomo wa tenki pale mpira unapokalia, kama kuna kutu au vumbi lililoganda. Halafu ile kamba ya plastiki inayoshika kifuniko kisipotee, angalia kama haibanwi katikati ukikaza. Tupe majibu.

BabaHarrier
Mimi nadhani mnamzungusha bure. Mwambieni atoe waya mmoja wa betri dakika 10 arudishe, taa itazima, maisha yaendelee. Harrier yangu ya Japan haijawahi kusema habari ya kifuniko na kifuniko chake nina hakika kimechoka kuliko chake.

Fundi_Bombo
@BabaHarrier kaka Harrier yako haisemi kwa sababu haikuwekewa huko kujipima, magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japan yana kanista na valvu lakini hayana ile hesabu ya kutafuta tundu. Kukaa kimya kwake si ushahidi kwamba haivujishi.

Na betri, hapana. Ukitoa betri unafuta kodi zote na ndo ilikuwa barua ya ugonjwa, fundi anayekuja baada yako anakuta hakuna kitu cha kusoma. Zaidi ya hapo unafuta na vile vipimo vyote kompyuta ilivyokuwa imeshamaliza, inaanza kujifunza upya, gari zingine sailensa, yaani mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama, inapanda na kushuka siku kadhaa. Na kama tundu bado lipo taa inarudi palepale.

Nalongo_Tororo
Nimeangalia jamani. Mpira una nyufa ndogo ndogo upande mmoja ukiukunja unaziona, lakini kubwa zaidi ni ile kamba. Kijana alivyofunga kule Kampala kamba ilijikunja ikaingia chini ya kifuniko na mimi nilivyokuwa nakaza nilikuwa naibana zaidi, iko na alama ya kukatwa kabisa pale ilipokuwa imebanwa na mdomo wa tenki. Tena kwenye kile kisahani kinachozunguka kifuniko kuna tope, kavu juu, chini bichi.

Nimemtafuta mtu mwenye kale kamashine ka bluetooth kanakochomekwa chini ya usukani, kwenye simu imeleta P0455 na P0457. Nimefuta mdomo kwa kitambaa kikavu, nimeitoa kamba pembeni, nimekaza mpaka tik, na kile kitufe cha enter @dreva_wa_malaba asante sana, maandishi yametoka. Taa ya njano bado. Nimwambie yule mwenye mashine aizime?

Mwalimu_wa_Arua
Nalongo usiizime, iache izime yenyewe, na nitakwambia kwa nini inaweza kuchelewa maana hapa wengi wanakata tamaa wakaanza kubadilisha spea.

Kompyuta haijipimi kila saa. Inachagua wakati. Kwa magari mengi inataka injini iwe imelala ikapoa kabisa, yaani asubuhi baada ya usiku mzima, tenki liwe kati ya robo na robo tatu, na hali ya joto nje isizidi kiasi fulani, Nissan nyingi zinataka isipite digrii 30, aina zingine zinakubali mpaka 35. Sasa fikiria sisi tunavyoendesha huku. Mtu anaweka mafuta ya elfu 20, kesho elfu 20, mshale wa geji ya mafuta unakaa chini ya robo wiki nzima, basi kipimo hakifanyiki hata mara moja. Mwingine anajaza tenki lote, nalo ni juu ya robo tatu, hakifanyiki mpaka litumike. Halafu mimi niko Arua, miezi ya Januari na Februari mchana joto linapita 30 kirahisi, kwa hiyo ukiwasha gari mchana kipimo hakifanyiki. Matokeo yake umeshatengeneza shida na taa bado inakutazama.

Kwa hiyo weka nusu tenki. Iache ilale nje usiku, mahali pa tambarare, isiwe kwenye mteremko. Asubuhi na mapema iwashe na uende safari ya barabara iliyonyooka, kwako Tororo kwenda Mbale inafaa kabisa, mwendo wa kawaida bila kukanyaga na kuachia. Ikijipima ikaridhika mara 3 mfululizo taa inazima yenyewe. Ikizima hivyo unajua kwa hakika shida imeisha, ukiizima kwa mashine unakuwa hujui kitu.

pampu_namba_4
Nimefanya kazi ya kujaza mafuta miaka mingi stesheni tofauti tofauti hapa Kampala na Mukono, naomba niseme kwa upande wetu maana naona kijana wa pampu ametajwa.

Ni kweli saa za jioni foleni ikiwa imefika barabarani tunafunga vifuniko haraka. Kamba kubanwa nimeiona mara nyingi. Lakini kuna kitu kibaya kuliko hicho na wateja wenyewe wanatuamrisha tufanye. Mtu anasema jaza, pampu inakata yenyewe kwa sababu mafuta yameshafika juu, mashine inasoma sema laki moja na elfu 83, mteja anasema ongeza ifike laki na elfu 90, hataki chenji za shilingi. Nabonyeza kidogo inakata, nabonyeza inakata, napenyeza mpaka inafika. Ile nafasi ya juu ya tenki imeachwa kwa ajili ya mvuke, ukiijaza petroli inaingia kwenye paipu za mvuke inakwenda mpaka kwenye lile kopo la mkaa alilosema fundi. Fundi wa stesheni moja niliyofanya alituonyesha kanista iliyotolewa kwenye gari ya mteja, ukiitikisa maji maji yanacheza ndani, petroli tupu, mkaa umelowa umegeuka tope na chembe zake zimeingia kwenye valvu. Tangu siku hiyo pampu ikikata mimi nasimama, mteja akikasirika namwelekeza.

Na pia zimeni injini. Watu wanataka AC iendelee kwa sababu ya watoto, naelewa, lakini mbali na hatari ya moto, kwa hizi gari zinazojipima ukifungua tenki injini ikiwa inanguruma inaweza kukuta katikati ya kipimo, ikaona hewa imeingia ghafla, ikaandika kodi ya tundu kubwa ambalo halipo.

Fundi_Bombo
@pampu_namba_4 ubarikiwe sana ndugu, nilitaka kulisema hilo nikasahau. Kifuniko ni spea ya bei ndogo, kanista ya hizi gari za left-hand ni bei ya kulia, na nyingi haipatikani hapa lazima iagizwe. Elfu 7 ya kupata namba nzuri kwenye risiti inakuja kulipwa kwa mamilioni. Pampu ikikata, basi.

Na Nalongo hilo tope ulilosema usilipuuze. Pale kwenye kisahani chini kuna katundu ka kutolea maji, kanaziba kwa vumbi la murram, halafu ukienda washing bay wanapiga maji ya presha pale pale mlangoni, maji yanakaa yamezunguka kifuniko na siku ukifungua yanaingia ndani ya tenki. Zibua kwa kamti kembamba taratibu kutoka juu, mwaga maji kidogo kifuniko kikiwa kimefungwa, uone yanatoka chini. Waambie wa washing bay mlango wa tenki waufute kwa kitambaa tu.

spea_Kisekka
Kifuniko kipya sasa maana nyufa zikishaanza kwenye mpira hazirudi nyuma. Nauza spea hapa soko la Kisekka, Kampala, sio tangazo hili, siweki namba.

Usije na neno "kifuniko cha Pathfinder" tu. Njoo na cha zamani mkononi, au piga picha cha zamani upande wa ndani na namba zilizoandikwa, na uje na namba ya chesi maana Pathfinder ni nyingi na ya left-hand ya Marekani ina mambo yake. Tatizo la vifuniko ni kwamba kile cha gari nyingine kinaweza kuingia, kikazunguka, kikatoa hata ule mlio, na bado mpira wake haukai mahali pake. Ndani ya kifuniko kuna kavalvu, kanaruhusu hewa iingie tenki likinyonya na kanatoa presha ikizidi sana, na kila mtengenezaji amekapima kwa gari yake. Vile vya bei ya kutupwa visivyo na jina vingine valvu ni ya sura tu haifanyi kazi, vingine havina kabisa.

Shika mpira wake, uvute kidogo, uwe laini na urudi. Unusie, ukinuka mpira wa kandambili achana nacho. Zungusha kichwa chake hewani, kiteleze kwa mlio ulio sawa. Na vile vya kufungwa kwa ufunguo ambavyo watu wanapenda kwa sababu ya wanaonyonya mafuta usiku, navyo ni vizuri kama ni vya gari hiyo, ila vya jumla jumla kwa gari inayojipima vitakuletea taa ileile.

Kingine, watu wanapaka vaselini kwenye mpira wa zamani ili uzibe. Siku mbili inaziba, halafu vumbi la barabarani linanasa kwenye yale mafuta unakuwa umejitengenezea msasa.

dada_wa_Gulu
Naomba niongezee kwa wale ambao kifuniko kimepotea kabisa, maana barabara ya huku nakutana nao. Jamani msizibe tenki kwa kitambaa. Kitambaa kinafyonza petroli kinakuwa utambi ulioning'inia nje ya gari, mtu mmoja akatupa kichungi cha sigara hapo kwenye foleni mmekwisha. Na kaveera, yaani mfuko wa plastiki, nayo ukiifunga kwa mpira inalegea kwa mvuke, inatoboka, vipande vinaingia ndani. Kama kimepotea, usijaze tenki, weka kidogo cha kukufikisha mjini ili kwenye kona mafuta yasimwagike, funga ule mlango wa nje vizuri, ununue kifuniko siku hiyohiyo.

Nalongo_Tororo
Nimepata kifuniko chenye namba ileile, aliyenitafutia amekiangalia mbele yangu kama @spea_Kisekka alivyosema. Tundu la maji nimelizibua, likatoa tope kama kijiko kizima. Nusu tenki nimeweka, gari inalala nje, natoka alfajiri kwenda Mbale na kurudi. Leo taa imezima yenyewe tukiwa karibu na nyumbani, sijagusa mashine. Harufu hakuna, nimewauliza watoto bila kuwaambia nimefanya nini wakasema hawasikii kitu. Yule fundi wa kushusha tenki nimemwonyesha ile picha ya kamba, tumekaa tukaongea vizuri, ameniomba nimwelekeze kale kamashine kanauzwa wapi. Mungu awabariki wote.

kijana_wa_Ipsum
Shikamooni wakubwa, samahani nimeingilia ila naona mnajua. Mimi nina Ipsum ya zamani, haina ujumbe wowote. Shida yangu nikiendesha safari ndefu kama Masaka kwenda Mbarara gari inaanza kukosa nguvu kama imeishiwa mafuta halafu inazima. Nikifungua kifuniko cha tenki kuna sauti kubwa shiiiii ya hewa inaingia, nikifunga nikiwasha inaenda tena vizuri, baadaye inarudia. Nimebadilisha filta ya mafuta na plagi, bado. Inahusiana?

Fundi_Bombo
Marahaba kijana. Inahusiana, ila wewe ni kinyume cha Nalongo. Yake hewa ilikuwa inapita pasipotakiwa, yako hewa haipiti panapotakiwa. Mafuta yakitumika lazima hewa iingie tenkini kuchukua nafasi yake, isipoingia tenki linajinyonya, pampu inashindwa kuvuta, injini inazima. Ukifungua kifuniko hewa inaingia kwa kishindo ndo hiyo shiiii, gari inapona kwa muda. Kale kamlio kadogo ukifungua kwa kawaida hakana shida, ni presha tu, lakini kishindo pamoja na kuzima ni njia imeziba.

Kifuniko ulichonacho ni cha gari hiyo au kiliwahi kubadilishwa? Anza hapo. Azima kifuniko cha Ipsum nyingine unayojua iko sawa, nenda nacho safari ileile. Ikiacha kuzima, nunua kifuniko. Ikiendelea, fuata paipu inayotoka juu ya tenki kwenda kwenye kanista na ile ya kanista kutoa hewa nje, huku vijijini nyigu wanapenda kujenga kwa udongo mle ndani na vumbi linaganda. Usipulize na kompresa kuelekea kwenye tenki, chomoa paipu kwanza uipulize ikiwa peke yake. Na uangalie pampu yako inalia vipi baada ya hapo, maana imekuwa ikivuta kwa shida muda mrefu, ikianza kupiga kelele nyembamba ukifungua swichi niandikie hapa.